Neva ya Shingoni

Kwa mara ya tatu katika wiki hiyo, dirisha la dawa lilifungwa kabla zamu ya Ruweida haijafika. Mhudumu aliteremsha ubao, akautia komeo kwa ndani, na sauti yake ikapenya kwenye mbao: "Prednisoloni hakuna. Aspirini hakuna. Njooni Jumatatu."

Watu walibaki wamesimama kidogo, kana kwamba ubao ungeona haya ukafunguka. Kisha wakaanza kutawanyika. Ruweida ndiye aliyechelewa kuondoka, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameganda, na ilimbidi ashike ukuta kwa kiwiko. Viganja vilikuwa havishiki kitu.

Asubuhi hiyo hiyo karani wa kadi alikuwa amemsukumia daftari. "Tia sahihi hapa."

Ruweida aliikamata kalamu kwa vidole vyote vitano, kama ashikavyo mchi mtu asiyezoea kutwanga. Ikamponyoka, ikaanguka chini ya meza. Akaokotewa, ikamponyoka tena.

"Si ungesema tu hujui kuandika," karani alisema, akamletea kidau cha wino. "Weka dole gumba."

Ruweida alikuwa amehitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mbili. Kofia za vito alizodarizi kwa mkono zilivaliwa misikitini kuanzia Voi hadi Lamu, na watu waliojua kofia walitambua tundu zake bila kuambiwa. Aliutazama wino, akawatazama waliokuwa nyuma yake wakisubiri, akaweka dole gumba.

*

Sumayya, binti yake, alimvua viatu mlangoni. Msichana huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, 1998, na tangu hapo amekuwa mikono ya mamake. Alimfungulia bomba akitaka kutawadha, alimfunga vifungo vya gauni, alimchana nywele. Ruweida hakuwa na shida na nywele. Bomba ndilo lililomuuma. Mtu mzima kumngoja mwanawe ndipo amwendee Mola wake, hilo hakulizoea.

"Hamna tena?" Sumayya aliuliza.

"Jumatatu."

"Ijumaa iliyopita pia walisema Jumatatu."

Miaka miwili sasa alikuwa akimeza vile vidonge vyeupe, prednisoloni, kwa ajili ya baridi yabisi. Vilipokosekana hospitali, mumewe Badawy alivinunua kwa Harith, mwenye duka la dawa pale mjini. Vilimsaidia, hilo hakukataa. Bila vidonge asingeinuka kitandani. Lakini vilikuwa vimemjaza uso ukawa duara, na harusini Mombasa shangazi wa mtu alimfinya shavu mbele ya wanawake wote, akasema, "Hizo ni raha za Voi hizo, mwenzetu umenona." Wanawake walicheka. Ruweida naye alicheka, kisha akala pilau kwa kijiko, huku akisikia wakinong'onezana kwa nini hali kwa mkono.

Badawy aliuza misumari, rangi, bawaba na mabomba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na ugonjwa wa mkewe ulikuwa umempunguzia hata yale machache. Lakini jioni hiyo alirudi akiwa na jambo. Hakungoja hata chai.

"Mama Sumayya, leo kuna mtu kaja dukani kununua nyaya. Aitwa Thadeus. Alikuwa kazini kwenye hospitali moja huko Pwani, upande wa kuchua viungo, mpaka walipopunguza wafanyakazi. Ametoka na mashine yake. Asema ugonjwa wako si wa mifupa. Ni wa neva."

"Na daktari Mable asema ni wa kinga ya mwili."

"Na Thadeus asema hivyo hivyo. Kinga inaupiga mwili. Lakini kuna neva ya kuituliza." Badawy alijigusa shingoni, chini ya sikio. "Iko hapa."

*

Chumba cha Thadeus kilikuwa cha mwisho katika safu ya nyumba za kupangisha, upande wa barabara iendayo kwenye mashamba ya mkonge. Nje palikuwa na benchi, na benchini wagonjwa sita. Ndani, kwenye meza iliyofunikwa taulo safi, palikuwa na kijisanduku chenye vifundo viwili na nyaya.

Thadeus hakufanana na tapeli. Pengine hilo ndilo lililowaponza. Alinawa mikono kabla ya kumgusa Ruweida. Aliuliza maumivu yanaanza saa ngapi asubuhi, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemfanyia kwa miaka miwili.

"Mama, iko neva moja inatoka kwa ubongo," alisema. "Inapita hapa shingoni, inashuka kwa moyo, inafika mpaka tumboni. Mwili wako umekuwa kama askari wanaopiga raia. Hii neva ndiyo simu ya kuwaambia waache. Yako imelala. Mimi naiamsha."

Alimwonyesha jarida la Kiingereza lililokunjika pembe, aliloachiwa na mgeni mmoja aliyelala kwenye loji ya mbuga. Palikuwa na mchoro wa shingo na ubongo, na mahali pengine picha ya panya mweupe. Ruweida hakujua Kiingereza cha kutosha kulisoma. Badawy alilishika, akaitikia kwa kichwa kama aliyesoma.

Thadeus alimbandika vipande viwili vya mpira shingoni, akazungusha kifundo polepole. Ruweida alisikia kitu kinatembea kama siafu, kisha koo likamkereketa, na alipotaka kusema sauti ikatoka ya kukwaruza.

"Umeisikia? Hiyo ndiyo yenyewe," Thadeus alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli.

Walikwenda mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu, asubuhi moja, Sumayya alisikia maji yakimwagika uani, akatoka mbio. Alimkuta mamake ameinama kwenye bomba, amelifungua mwenyewe. Sumayya alirudi ndani, akajifanya anatafuta kitu kabatini ili asionekane analia.

Hakuna aliyejua kama ilikuwa ni neva, au kiangazi kilichoanza kukausha baridi, au kule kusikilizwa, au vile vidonge ambavyo bado alivimeza kila asubuhi. Hawakuuliza. Mtu aliyengoja kwa muda mrefu haulizi nafuu imetoka wapi.

Kisha Thadeus akasema, "Sasa acha zile dawa. Zinanyamazisha mwili. Neva ikiita, haipati wa kujibu."

Walilizungumza jambo hilo nyumbani wakila.

"Daktari Mable alisema zisiachwe ghafla," Sumayya alisema. "Alirudia mara mbili, mimi nilikuwepo."

"Mable alisema pia njoo Jumatatu," Badawy alijibu.

"Baba, si yeye anayeleta dawa."

"Basi na aseme nani analeta, nikaseme naye."

Sumayya alimgeukia mamake. Ruweida alikuwa akijitazama usoni kwenye kifuniko cha sufuria, akilivuta shavu kwa ncha ya kidole kilichopinda. "Nimechoka nazo, mwanangu," alisema. "Wacha tujaribu wiki mbili."

*

Jumatano alitapika. Alhamisi alitapika tena, na alipoinuka kutoka kwenye mswala chumba kikamzunguka. Badawy alikwenda kwa Thadeus, akarudi na jibu kwamba mwili unatoa sumu, wavumilie.

Ijumaa, siku ya sita tangu aache vidonge, jirani yao Awiti alitoka kuanua nguo. Mume wa Awiti alifanya kazi reli, na nyua zao zilitenganishwa na ukuta mfupi. Awiti aliona mguu upande wa pili.

"Mama Sumayya?" aliita. Aliruka ukuta bila kungoja jibu. Ruweida alikuwa amelala chini ya kamba, shuka iliyolowa imemfunika nusu, ngozi baridi, jasho likimtoka. Alikuwa akipumua lakini macho hayakumfuata mtu.

Gari halikupatikana. Badawy alileta mkokoteni wa dukani uliokuwa bado na vumbi la saruji. Wakamlaza juu ya godoro, Awiti akamshika kichwa, Sumayya akamshikia buibui lisipeperuke, na Badawy akasukuma. Walipita mbele ya stendi na mbele ya hoteli, watu wakainuka kutazama. Mteja mmoja, hakujua kulikoni, akaita, "Badawy, hiyo saruji ni ya nani?" Kisha akaona, akaziba mdomo.

Hospitalini, Mable ndiye aliyekuwa zamu. Hakuwa daktari wa chuo kikuu, alikuwa afisa wa kliniki, mwenyeji wa Wundanyi, lakini mji mzima ulimwita daktari kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Alipima presha, akapima tena, akakunja uso.

"Anatumia dawa zake?"

"Kama kawaida," Badawy alisema.

"Prednisoloni? Kila siku?"

"Kila siku. Nanunua kwa Harith."

Sumayya alimtazama babake. Badawy alikuwa akitazama sakafu. Alikuwa mtu mkweli, hata mizani yake dukani haikuwahi kubishiwa, lakini wakati huo aliiona ile benchi ya Thadeus, akajiona yeye mwenyewe akiitikia kwa kichwa juu ya jarida asilolisoma, na akashindwa kuyasema hayo mbele ya nesi na foleni nzima.

"Basi itakuwa malaria kali," Mable alisema. "Tutatia dripu ya kwinini tukingoja damu."

Nesi alikwenda kuileta. Awiti alimvuta Sumayya mkono. "Wewe, sema," alinong'ona. "Hii maneno mnaficha itaua mama."

"Ameacha," Sumayya alisema kwa sauti. "Ameacha dawa siku sita. Aliambiwa aache na Thadeus, yule wa mashine. Baba anajua."

Mtu wa mwisho kwenye foleni alisogea mbele asikie vizuri.

Mable hakugombana. Alisema haraka, macho yakiwa kwa mgonjwa: "Vile vidonge vinafanana na kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe. Ukivimeza miaka miwili, mwili unasahau kazi hiyo. Ukivikata ghafla, presha inashuka, mtu anakwenda. Nahitaji haidrokotisoni ya sindano, sasa hivi." Alimgeukia nesi, aliyekuwa amerudi na dripu. Nesi alitikisa kichwa kuwa hakuna. "Nimeiagiza tangu mwezi wa pili," Mable alisema, si kwa mtu yeyote. Aliandika kwenye kikaratasi, akampa Badawy. "Kwa Harith itakuwepo. Kimbia."

*

Ilikuwa saa saba na dakika kumi, siku ya Ijumaa. Duka la Harith lilikuwa na kufuli.

Badawy alifika msikitini akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Imamu alikuwa katikati ya hutuba. Kusema wakati wa hutuba ni kuiharibu Ijumaa yako, hata ukimwambia mwenzako anyamaze. Badawy alilijua hilo tangu utotoni. Alisimama kizingitini. Harith alikuwa safu ya mbele kabisa, mgongo wake mweupe umenyooka.

Badawy aliingia. Alipitia kati ya mabega, akiwagusa watu ili wampishe, na hapo ndipo alipogundua hakuvua viatu. Mzee mmoja alimshika suruali, akamwashiria kwa kidole aketi. Hakuketi.

"Harith," alisema.

Imamu alinyamaza. Vichwa vyote viligeuka. Kofia tatu kati ya hizo zilikuwa za mkono wa mkewe.

"Harith, nataka sindano. Mama Sumayya anakufa."

Harith aliinuka, akapita pale pale Badawy alipopita, na wakatoka wakikimbia, mmoja na kanzu ameishika magotini, mwingine na viatu vyake. Nyuma yao hutuba ilianza tena.

Chupa ilikuwepo. Mable aliichanganya, akaidunga, akafungua dripu ya chumvi ikimbie. Kisha wakangoja. Badawy alisimama ukutani kwa saa mbili na hakuna aliyemwambia aketi, hata bintiye. Alasiri Ruweida alifumbua macho, akamwona Awiti, akauliza, "Nguo umeanua?"

*

Kesho yake Thadeus alikuja wodini mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi, jarida kwapani. Badawy aliinuka. Mable alimwekea mkono kifuani.

"Hapa ni wodi. Keti."

"Nimesikia yaliyompata mama," Thadeus alisema. "Daktari, mimi si mganga wa kienyeji. Sikubuni kitu. Imeandikwa hapa."

Mable alilichukua, akalisoma amesimama dirishani. Alichukua muda. Badawy alingoja alirarue, lakini alilikunja vizuri.

"Hapa wameandika panya, Thadeus. Wamewakata neva hiyo, wakaona ubongo haupati tena habari ya uvimbe."

"Na hapa? Watu wa kifafa?"

"Hao ni watu, ndiyo. Wanapasuliwa kifuani, wanawekewa kimashine ndani, na uzi unazungushwa kwenye neva yenyewe. Na dawa zao wanaendelea kumeza. Umeona mahali wameandika waache dawa?"

Thadeus aliinama juu ya ukurasa.

"Umeona mahali wameandika baridi yabisi?"

"Nilifikiri," Thadeus alisema. "Kama inapeleka habari, si inaweza pia kurudisha jibu? Nilifikiri hivyo tu."

"Hata wao wanafikiri hivyo," Mable alisema, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba mtu huyu hakuwa mjinga. "Lakini wao wanafikiri na panya. Wewe umefikiri na mama wa watu."

Ruweida alikuwa akiwasikiliza kutoka kitandani. "Daktari," aliita. "Kwa hivyo hiyo neva ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama."

"Na mwili kujipiga wenyewe?"

"Kweli."

"Na hiyo dawa ya kuutuliza kwa neva, itafika lini?"

Mable alivuta pumzi. Angeweza kusema karibuni. "Sijui. Labda miaka kumi. Labda ishirini. Labda wataona haifai."

"Basi hata panya wa Ulaya wananipita kwenye foleni," Ruweida alisema.

Hakuna aliyecheka. Thadeus alilichukua jarida lake. Mlangoni aligeuka kama mwenye la kusema, akamwona Badawy, akaenda zake.

Badawy aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nilisema unakunywa dawa," alisema. "Waliponiuliza, nilisema unakunywa kila siku."

"Sumayya kaniambia."

"Niliona aibu."

Ruweida alimtazama mtu huyu, ambaye mji mzima ulikuwa bado unazungumzia viatu vyake msikitini. Alikuwa na hasira naye, tena nyingi, na hakuona sababu ya kuificha. "Na mimi naona aibu kila siku, Baba Sumayya," alisema. "Lakini sijawahi kutaka kukuua kwayo."

Badawy aliinamisha kichwa.

*

Ruweida alirudi nyumbani na vidonge vyake, na uso wake wa duara, na mikono ambayo asubuhi haikukunjika wala kukunjuka. Mable alimwandikia barua ya kwenda Mombasa kwa daktari wa viungo, atakayeangalia kama kuna dawa nyingine. Siku waliyopewa ilikuwa ya miezi minne mbele.

Badawy alikwenda kituo cha polisi kumshtaki Thadeus. Askari aliuliza kama mgonjwa amekufa. Alipoambiwa hapana, akafunga daftari. Afisa wa afya alisema ataleta watu wakague. Hawakuonekana. Benchi ilizidi kujaa, maana habari zilizoenea mjini hazikuwa za Ruweida kuanguka. Zilikuwa za Ruweida kufungua bomba.

Siku ya soko Ruweida alimwambia Sumayya amvalishe viatu. "Nakwenda kwa Thadeus."

Badawy aliweka kikombe chini. "Kufanya nini?"

"Kukaa."

Walimkuta Thadeus mlangoni. Alipomwona, uso wake ulibadilika. "Mama, siwaambii tena waache dawa," alisema chini chini. "Naapa."

"Na mashine?"

Thadeus aliitazama benchi. "Wanakuja wenyewe. Nikiwafukuza wataenda wapi? Jumatatu?"

Ruweida alikwenda akaketi benchini, kati ya watu wanane, akawaeleza yaliyompata, yote: kutapika, kamba ya nguo, mkokoteni, sindano ambayo hospitali haikuwa nayo. Walimsikiliza kwa heshima na kumpa pole. Hakuna hata mmoja aliyeinuka.

Mwanamke wa kando yake, aliyejitaja kwa jina la Peris, alikuwa ameshuka alfajiri kutoka Werugha. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cha sufi, na vifundo vya vidole vilivyochomoza vilikuwa vyekundu.

"Pole sana, mama," Peris alisema. Kisha akasogea karibu. "Lakini niambie ukweli. Mkono ulipata nafuu?"

Ruweida angeweza kusema hapana. Sumayya, aliyesimama jua kali likimchoma, alimwombea moyoni aseme hapana.

"Kidogo," Ruweida alisema. "Siku chache."

Aliona macho ya Peris yakipata uhai, akajua hakuna neno lolote la kumrudisha Werugha leo.

"Unatumia vidonge gani?"

Peris alifungua kwa meno fundo la pembe ya leso yake, alimohifadhi vidonge. Vilikuwa vyeupe, vidogo, vinne.

"Cha leo umemeza?"

"Nilikuwa nangoja nisikie huyu atasema nini."

"Usingoje. Sumayya, mletee maji."

Sumayya aliomba maji nyumba ya jirani. Peris alishindwa kukishika kikombe, na Ruweida pia alishindwa, basi Sumayya akamnywesha. Ruweida alimkazia macho mpaka kidonge kiliposhuka kooni.

"Kesho pia," alimwambia. "Akuambie lolote atakalokuambia huyu. Hata ukipata nafuu. Hasa ukipata nafuu."

Mlango ukafunguliwa, Thadeus akaita anayefuata. Peris aliinuka kwa shida, akaingia, na mlango ukafungwa. Ruweida alijivuta mpaka nafasi aliyoiacha, akamgeukia mzee aliyekuwa upande wa pili.

"Na wewe, mzee wangu," alisema, "unameza zipi?"